Majibu ya kipimo cha mapafu hayaeleweki? Kwanza muulize mzee alipulizaje

Dada wa Makambako, pole sana, nimesoma ulivyoandika nikajiona mimi mwenyewe. Umesema mzee wako ana miaka 61, kapulizishwa mashine ya kupima mapafu, karatasi ikatoka imeandikwa mapafu huenda yamesinyaa na kwamba upulizaji haukutosha, daktari kasema hana uhakika, na nyumbani mmeshaanza kulia kama kuna msiba. Mi sio daktari, nimefanya kazi ya mbao Mafinga miaka mingi, dingdong (mashine ya kupasulia mbao) na vumbi la mbao kila siku, na niliugua TB 2014 nikamaliza dozi. Nakupa nilichopitia.

Mwaka juzi kipindi cha baridi, mwezi wa saba, nilikuwa hapa Mbeya, kifua kikawa kinabana hasa alfajiri, nikipanda kile kimlima cha nyumbani nasimama mara tatu. Nikaenda hospitali moja, nikapuliza, nikaambiwa FVC lita 2.60 ambayo ni asilimia 68 ya inayotarajiwa, FEV1 lita 1.95, uwiano 0.75 (maana yake nakueleza hapo chini). Kwa vile eksirei ilionyesha kovu la TB juu kulia, nikaambiwa mapafu yamesinyaa kwa makovu na hakuna cha kufanya. Nilitoka pale nimenyong'onyea, nikaanza hata kuwaza nani atamalizia shule ya watoto.

Sasa sikiliza, hapa ndo penye kiini. FVC ni hewa yote uliyoitoa kwa nguvu mpaka ikaisha, FEV1 ni ile iliyotoka sekunde ya kwanza tu. Ukigawa FEV1 kwa FVC unapata uwiano. Kama njia za hewa zimebana, kama kwenye pumu, hewa inatoka taratibu kwa hiyo uwiano unashuka, wengi wanatumia 0.70 kama mstari (japo kwa mtu mzima kama mzee wako uwiano unashuka wenyewe kidogo kwa umri, ndo maana mashine nyingine zinaonyesha pia kiwango cha chini cha kawaida kwa umri wake). Kama mapafu yenyewe ni madogo au yamekakamaa, vyote viwili vinashuka pamoja na uwiano unabaki mzuri.

Lakini mtu akiacha kupuliza mapema je? FEV1 yake imeshapimwa, ile hewa ya mwishoni haijatoka, FVC inaonekana ndogo, na uwiano unapanda kwa uongo! Karatasi inasema mapafu madogo kumbe ni mtu aliyekata pumzi njiani. Na ndo nilichofanya mimi, nilipuliza kama sekunde mbili nikakohoa nikaachia mdomo, wakachukua hivyohivyo, na pale chini kwenye alama ya ubora iliandikwa D, hakuna aliyeniambia maana yake. Alama inaanzia A kwenda F, na D sio ya kumtangazia mtu kwamba mapafu yake yamekwisha.

Nikarudia sehemu nyingine miezi miwili baadaye. Huyo dada wa kipimo Mungu ambariki, alinikalisha wima, akanibana pua na kibanio, akanionyesha mwenyewe kwanza, halafu anakazana "toa toa toa toa usiachie!" mpaka naona nyota, zaidi ya sekunde sita, na nikarudia mpaka tukapata tatu nzuri zinazofanana, maana mbili kubwa zinatakiwa zisipishane zaidi ya mililita 150. FVC ikatoka lita 3.45, FEV1 2.10. Gawa uone, 0.61. Yaani sio mapafu madogo, ni njia za hewa zimebana! Akanipa salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, mipulizo minne, tukangoja dakika kumi na tano, FEV1 ikapanda mpaka 2.45. Ongezeko hilo ni kubwa, ndo daktari akasema kuna pumu ndani yake, ingawa uwiano haukurudi kawaida kabisa (0.66), kwa hiyo na vumbi na ile TB navyo vina mchango. Nikaanza pampu ya kila siku ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa na sa hivi kile kimlima napanda bila kusimama.

Kwa hiyo muulize mzee alipuliza sekunde ngapi, alikohoa, meno ya bandia yalilegea, mdomo ulivuja? Asubuhi ile alikuwa amevuta pampu? Maana hiyo inaweza kuficha tatizo, ila asiache dawa bila kuuliza daktari. Angalia pia umri na urefu walioingiza, mtu wa sm 165 akiandikwa 175 asilimia zote zinashuka wakati mapafu ni yaleyale. Na ukilinganisha kipimo cha hospitali mbili linganisha lita, usilinganishe asilimia, maana mashine zinatumia makadirio tofauti ya kinachotarajiwa, yapo ya zamani yanayouliza asili ya mtu na yapo ya 2022 yasiyouliza.

Mkirudia vizuri na FVC bado iko chini, hapo ndo mwombe rufaa akapimwe ujazo mzima wa mapafu, kwa sababu mashine ya kupuliza haioni ile hewa inayobaki ndani, kwa hiyo peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba mapafu yamesinyaa. Na mwambieni daktari kama mzee amewahi kuugua TB au amekaa na moshi wa kuni miaka mingi, mara nyingi hawaulizi.

Ila akianza kukohoa damu, kupungua mwili, midomo kuwa ya bluu au kushindwa kumaliza sentensi kwa pumzi, msisubiri kipimo, mpelekeni siku hiyohiyo. Mpe shikamoo yangu, na ukipata karatasi andika hapa FVC, FEV1 na alama ya ubora, tuangalie pamoja kabla hamjarudi kwa daktari.