Mashujaa wa vijijini India: jibu la mwonyesha filamu

Ndugu mleta uzi, umeuliza kama filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu zinazotokea vijijini India zina lolote jipya, au ni zile zile za Marekani zilizovalishwa lungi, shuka la kiunoni la Kihindi. Ninaendesha ukumbi mdogo wa video huku Muheza na filamu hizo nimezionyesha kwa watu wa rika zote, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona na kwa niliyoyasikia kutoka kwenye mabenchi.

Iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Minnal Murali, filamu ya Kimalayalam iliyoongozwa na Basil Joseph na kutolewa Netflix mwezi Desemba 2021. Inatokea miaka ya 1990 katika kijiji cha kubuni kiitwacho Kurukkanmoola, jimboni Kerala. Jaison, anayeigizwa na Tovino Thomas, ni fundi cherehani katika duka la baba yake, na ndoto yake kubwa ni kuhamia Marekani. Mkesha wa Krismasi anapigwa na radi na kupata nguvu, lakini hakimbilii kuiokoa dunia: anaanza kwa kulipa kisasi kwa polisi waliomdhalilisha. Ukumbi wangu huwa unashangilia hapo, bila shaka kwa sababu zake.

Jipya ni kwamba kijijini shujaa hana pa kujificha. Mjini mtu huvaa barakoa akapotea katika umati, ilhali huku shemeji yake Jaison ni askari, mpwa wake ndiye mshauri wake wa mambo ya kishujaa, na ofisa anayemwinda ni baba wa msichana aliyemkataa. Kila ngumi inamgusa mtu atakayekutana naye kesho njiani, na kila tetesi inafika mezani kwa mama kabla ya chakula cha usiku.

Uzito huo unaonekana zaidi kwa adui yake, Shibu, ambaye radi ilimpiga usiku ule ule. Ni mtumishi wa kibanda cha chai, watu wamezoea kumwita mwendawazimu, na tangu ujana anampenda mwanamke aitwaye Usha. Usha anaporudi kijijini na mtoto anayehitaji upasuaji, Shibu anaiba benki ili zipatikane fedha za kumlipa daktari. Guru Somasundaram anamwigiza kwa namna ambayo mtazamaji hujikuta akimwombea jambazi heri. Katika onyesho ambamo Usha hatimaye anamkubali, uso wa Shibu unacheka na kulia kwa pamoja, na mama mmoja aliyekaa benchi la mbele alisema kwa sauti: “Huyu wangemwoza mapema, haya yote yasingetokea.” Sijasoma uchambuzi uliolisema hilo vizuri zaidi yake.

Hanu-Man ya Prasanth Varma, filamu ya Kitelugu ya Januari 2024, ni ya namna nyingine. Kijana mdokozi wa kijiji cha kubuni cha Anjanadri anaokota kito chenye nguvu za Hanuman, mungu-nyani wa Ramayana, na kito hicho hufanya kazi pale tu mwanga wa jua unapokipata. Sharti hilo limebuniwa kwa akili, kwani mapigano yanategemea saa, na jioni inapoingia kijana wetu anabaki vile vile alivyokuwa. Dada aliyemlea ndiye nguzo ya hadithi. Adui mkuu, hata hivyo, ni tajiri wa mjini anayekuja na mitambo yake kuutafuta ushujaa wa kununua, na kwangu ni karagosi akiwekwa kando ya Shibu.

Ukipenda kuona watu wasio na fedha wakijitengenezea shujaa wao, itafute pia Supermen of Malegaon ya 2008, filamu ya maisha halisi, ingawa Malegaon ni mji wa viwanda vya nguo huko Maharashtra wala si kijiji. Superman wao ni kibarua mwembamba wa kiwandani anayepambana na tumbaku.

Mbili za kwanza zinapita saa mbili na nusu kila moja, na zote zinarefusha pambano la mwisho kupita kiasi. Anza na ya Kimalayalam, tena kwa sauti zake za asili na maandishi ya chini, maana Shibu akiwekewa sauti ya mtu mwingine nusu yake inapotea.