Ukipewa kazi ya kuandika "kifungu cha jinsia" kwenye sera ya tabianchi

Rasimu ya kwanza ya mpango wa tabianchi niliyopewa niipitie ilikuwa imewataja wanawake mara moja tu, kurasa za mwisho mwisho huko: "wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu watapewa kipaumbele." Nikafungua jedwali la bajeti. Kati ya mistari yote, uliowahusu ulikuwa mmoja: warsha ya uhamasishaji. Basi.

Hapo nikafanya kosa ambalo nataka wewe ulikwepe. Nilirefusha maneno. Niliandika aya ndefu yenye uchungu, na katikati yake nikaweka ile takwimu inayozunguka kila mahali, kwamba kwenye maafa mwanamke yuko hatarini kufa mara 14 zaidi kuliko mwanamume. Kikaoni, mzee mmoja, mtaalamu wa maji, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hesabu hii imetoka kwenye utafiti gani?" Sikuwa na la kujibu. Nilikwenda kuitafuta. Ripoti hii inanukuu ile, ile inanukuu nyingine, na ukifuata kamba mpaka mwisho hukuti utafiti wa kuishikilia. Aya nzima ikakatwa, pamoja na yale ya kweli yaliyokuwemo. Liliniuma sana jambo lile, kwa sababu hoja yenyewe ilikuwa ya haki.

Kwa hiyo anza na ushahidi unaosimama. Mwaka 2007 watafiti Eric Neumayer na Thomas Plümper walichapisha utafiti wa nchi 141, wa miaka 1981 hadi 2002. Waliona kwamba maafa ya asili hupunguza umri wa kuishi wa wanawake zaidi kuliko wa wanaume, na kwamba pengo hilo hupungua pale ambapo wanawake wana hali bora kiuchumi na kijamii. Shika hapo kwenye pengo kupungua, ndipo sera inapopata kazi ya kufanya. Usifiche pia mifano inayokwenda upande mwingine. Kimbunga cha Bangladesh cha 1991 kiliua watu wapatao 140,000, wengi wao wanawake. Lakini Kimbunga Mitch kilipopiga Amerika ya Kati mwaka 1998, wanaume ndio walioonekana kufa zaidi, na hilo limehusishwa na wao kujitosa kwenye hatari. Jinsia ni kuuliza nani yuko wapi, anafanya nini, na habari inamfikia kwa njia ipi. Jibu hubadilika kutoka mahali hadi mahali.

Utakutana na watakaokuambia hewa ukaa haina jinsia. Wakubalie, ni kweli. Kisha waulize hati ya shamba iko kwa jina la nani, na mkopo unatolewa kwa dhamana gani.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni marafiki zetu, wale wanaopenda kusema wanawake ni walinzi wa asili wa mazingira. Maneno matamu, lakini nimeyaona yakigeuka mzigo. Mradi wa miti unaandikwa, na kazi ya kumwagilia miche wanapewa vikundi vya wanawake "kwa kujitolea". Ardhi si yao. Miti ikikua, mapato hayawafikii. Mwanamke aliyekuwa tayari hana saa ya kupumzika ameongezewa nyingine, na ripoti inahesabu jambo hilo kuwa ushirikishwaji. Ukiona neno "kujitolea" karibu na neno "wanawake", simama hapo. Uliza nani analipwa, na mwenye mti ni nani.

Historia ya suala hili kimataifa unaweza kuijua kwa jioni moja. Mkataba wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa wa 1992 haukuwataja wanawake kabisa, ilhali mikataba dada ya bioanuwai na ya kuenea kwa jangwa iliwataja. Kisha, kwenye mikutano ya nchi wanachama wa mkataba huo, Marrakech 2001 ukaja uamuzi wa kwanza kuhusu wanawake, Lima 2014 programu ya kazi ya jinsia, Bonn 2017 mpango wa utekelezaji wake. Mkataba wa Paris wa 2015 unalitaja suala la jinsia kwenye utangulizi, kwenye kifungu cha 7 kuhusu kuhimili, na cha 11 kuhusu kujenga uwezo. Kifungu cha 9, cha fedha, hakilitaji. Usishangae basi ukiikuta hali ileile kwenye rasimu iliyo mezani kwako. Na Januari 2024, kamati ya kuandaa mkutano wa tabianchi wa mwaka huo, uliofanyika Baku, Azerbaijan, ilitangazwa ikiwa na wanaume 28 bila mwanamke hata mmoja. Wanawake 12 waliongezwa baada ya malalamiko.

Siku hizi siandiki aya. Naomba jedwali la bajeti na ratiba, napita mstari kwa mstari nikiuliza maswali mafupi. Kikao cha mwisho tulichokaa na mzee yule tulifika kwenye mfumo wa tahadhari ya mapema: ujumbe wa simu kwa "mkuu wa kaya". Nikauliza, akiwa safarini simu anayo nani? Na aliyebaki nyumbani na watoto ataambiwa na nani? Mzee alinyamaza kidogo, akachukua penseli, akafuta maneno yale matatu na kuandika juu yake: "kila mtu mzima katika kaya." Kisha akahamia safu ya gharama, akaanza kuhesabu upya.