Kituo cha pamoja cha makanisa: kabla ya harambee, funguo atashika nani?

Mzee mmoja wa kanisa ameleta swali. Makanisa manne ya mji wao yana kiwanja na ramani ya kituo cha pamoja, lakini harambee ya kwanza imeingiza pungufu ya kinachochangwa kwenye kipaimara cha mtoto mmoja. Afanyeje ili waumini watoe?

Waumini hao fedha wanazo, ndio haohao wanaomalizia paa la kanisa lao kila baada ya mavuno. Kinachowazuia ni kutojua nyumba hiyo itakuwa ya nani siku wachungaji wakikosana. Jambo hilo lisipokaa kwenye karatasi, hata mgeni rasmi akiwa waziri, bahasha zitakuja nyepesi.

Kwa hiyo umiliki kwanza. Kwa Tanzania, njia iliyonyooka ni kuunda bodi ya wadhamini ya kituo chenyewe na kuisajili RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, halafu kiwanja kiandikwe kwa jina la wadhamini hao. Kisiandikwe kwa jina la mchungaji wala la kanisa lililotangulia kufika mjini. Kama kiwanja kimetolewa na mzee mwenye ardhi kwa mdomo tu, msimwage hata tripu moja ya mchanga kabla ya maandishi yenye saini yake, ya mwenzi wake na ya watoto wake wakubwa. Mzee akifariki, warithi hawatakumbuka ahadi iliyotolewa kanisani, watakumbuka eneo.

Katiba ya kituo iseme wazi kanisa likijitoa linapata nini. Jibu lisilo na fujo ni kwamba halipati kitu: mchango uliotolewa umekuwa mali ya kituo. Kifungu hiki kinauma kukisoma mbele za watu, na kwa sababu hiyohiyo kisomwe mapema, wakati bado mnapendana.

Halafu mambo ya imani. Umoja mnaoutafuta hauwataki Wakatoliki waache utaratibu wao wa Ekaristi, wala Wabaptisti wanyunyizie watoto maji. Mwongozo wa Vatikani wa mwaka 1993 kuhusu uekumene, yaani umoja wa makanisa, unazungumzia majengo ya pamoja, na unataka wahusika wakubaliane kwanza jinsi kila upande utakavyoshika taratibu zake za sakramenti, kisha waandike mapatano ya fedha na sheria. Uingereza walikuwa wamekwisha kutunga sheria nzima ya kushirikiana majengo ya kanisa mwaka 1969.

Kwenye ramani, mapatano hayo huonekana kwa vitu vidogo. Kila kanisa liwe na kabati lake lenye kufuli, la kikombe, divai, mavazi na vitabu. Kisima cha ubatizo wa maji mengi chenye urefu wa mita 2.5, upana wa mita 1.5 na maji ya kina cha mita 1 hula lita 3,750, basi tangi la lita 5,000 liwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na bomba la kutolea maji. Kisima kisicho na bomba la kutolea huishia kuwa nyumba ya mbu. Kama Wasabato wamo, jikoni pasipikwe nguruwe, na Jumamosi isipangiwe harusi za wengine.

Hapo sasa mnaweza kugawana mzigo. Kugawa sawasawa kunaonea kanisa dogo, na kugawa kwa idadi ya waumini kunafanya kanisa kubwa lidai kuamua kila kitu. Gawanyeni nusu kwa nusu. Tuseme lengo ni shilingi milioni 40. Milioni 20 zigawanywe sawa, milioni 5 kila kanisa. Milioni 20 nyingine zifuate mahudhurio ya Jumapili: kama ni watu 900, 600, 350 na 150, watatoa milioni 9, 6, 3.5 na 1.5. Jumla inakuwa milioni 14, 11, 8.5 na 6.5. Kura za bodi zibaki sawa, wadhamini wawili kila kanisa. Kura zikifungana, hoja isubiri mwezi mmoja. Mwenyekiti asipewe kura ya ziada.

Kosa linalopendwa sana ni kuiga Nehemia sura ya 3, kila kundi na kipande chake cha ukuta wa Yerusalemu. Wale walikuwa na ukuta mmoja. Ninyi mkisema Walutheri wajenge ofisi na Wapentekoste wajenge ukumbi, baada ya miaka mitano mtasikia "ofisi yetu" na "ukumbi wao". Gawanyeni vifaa badala ya vyumba: huyu saruji, yule mabati, mwingine nondo, mwingine kokoto na mchanga. Hakuna atakayemwonyesha mtu saruji yake ndani ya ukuta. Na aliyepewa saruji asibane: mfuko wa kilo 50 utoe tofali 25 hadi 30 za inchi 6, zimwagiliwe maji angalau siku saba. Fundi akijisifu kwamba anatoa 50, likamateni tofali lake kwenye kona mkalione linavyomeguka vidoleni.

Siku ya harambee, tangazo lisomwe makanisa yote manne Jumapili ileile, kwa maneno na tarakimu zilezile. Kadi ya ahadi iwe na awamu tatu, tarehe zake na namba ya simu. Ahadi isiingizwe kwenye bajeti mpaka ilipwe. Fundi haitwi kwa ahadi. Fedha ziingie kwenye akaunti au lipa namba yenye jina la kituo, na stakabadhi iwe ya nakala mbili.

Mnada una hesabu zake. Kuku mmoja hununuliwa kwa 15,000, mnunuzi akamrudisha mezani, akanunuliwa tena kwa 20,000, na mara ya tatu kwa 30,000. Katibu akiandika "kuku 1, 30,000" amefuta 35,000, na jioni minong'ono inaanza. Kila mauzo yawe na mstari wake na jina la aliyenunua.

Jina nalo lina kazi. Nairobi, jirani na Chuo Kikuu, lipo jengo la Ufungamano, mali ya pamoja ya Kanisa Katoliki na Baraza la Makanisa la Kenya, lililokusudiwa wanafunzi Wakristo. Halikubeba jina la dhehebu lolote, na mwaka 1999 Wakristo, Waislamu na Wahindu walikutana humo kudai katiba ya nchi itokane na wananchi. Sidhani wangeingia kwa wepesi uleule katika ukumbi wenye jina la askofu.

Mkishafungua, ugomvi wa kwanza utakuwa LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Tundikeni daftari kando ya mita kwa kamba, na kalamu yake. Kila kanisa liandike uniti likiingia na likitoka, anayefuata asaini kwamba ameona. Funguo za geti ziwe seti nne, na seti ya tano akae nayo mlinzi, ambaye mshahara wake umelipwa miezi mitatu mbele.