Hatari, balaa ama janga?

SWALI: Shikamoo bibi mhariri. Niko Kisauni, naandika insha ya moto sokoni na kila mstari ni hatari, hatari. Niweke nini kingine?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hatari ni ya jambo ambalo bado halijatokea, ule waya wa stima unaoning'inia juu ya kibanda cha viazi karai ndio hatari, na kibao cha hapo huandikwa HATARI wala si BALAA. Waya ukikatika soko likaungua, hapo sasa ni janga, na roho nyingi zikipotea sema maafa. Tishio ni la kinachokuja, tishio la mafuriko, tishio la njaa. Balaa ni neno la mazungumzo zaidi, latumika hata kwa mtu, "yule mtoto balaa!", lakini shari ni ya mtu anayetafuta ugomvi, usiitie kwenye moto kabisa. Kisha kuna ile ya vijana, "biriani ya leo hatari!", hiyo ni sifa bwana, mwalimu atakukata maksi (mimi nisingekata). Ukitaka kitenzi andika walihatarisha maisha yao, ama walijitia hatarini.