Maswali ya Wasomaji: Mtoto Mdogo Atembee Umbali Gani Kwenda Shule?

SWALI: Mwanangu ana miaka sita na mwaka huu ameanza darasa la kwanza. Tunaishi Umalila, Mbeya Vijijini, na shule iko upande wa pili wa bonde. Mume wangu anasema ni kilomita tatu, jirani anasema ni nne. Asubuhi mtoto huondoka saa kumi na mbili, giza bado halijatoka, akiongozana na dada yake wa darasa la tano. Wakati wa kurudi huja peke yake, kwa sababu wadogo huruhusiwa mapema. Akifika nyumbani hulala hata kabla ya kula. Baba mkwe husema kwamba wao walitembea mara mbili ya hapo na hawakudhurika. Je, kuna kipimo cha umbali ambao mtoto wa umri huu anaweza kutembea? (Mama, Mbeya Vijijini)

JIBU: Mama, kwa mtoto wa miaka sita umbali huo ni mkubwa kupita kiasi, na ukubwa wake unazidi pale anaporudi bila mwenzake. Wapangaji wa elimu katika nchi mbalimbali mara nyingi hutaja kilomita 2 hadi 3 kuwa ukomo wa mtoto wa shule ya msingi. Uingereza imeuandika ukomo huo katika sheria yake ya elimu ya mwaka 1996: mtoto aliye chini ya miaka minane ambaye shule yake ya karibu iko zaidi ya maili 2, yaani kama kilomita 3.2, hutafutiwa usafiri na halmashauri, na aliyefikisha miaka minane huhesabiwa maili 3. Hata huko, sheria inachukulia kwamba mtoto anaweza kusindikizwa na mtu mzima pale njia inapohitaji, na kwamba njia yenyewe inapitika kwa usalama.

Kilomita, hata hivyo, hazitoshi kuamua jambo hili katika nchi ya milima kama yetu. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama kilomita 5 kwa saa kwenye njia tambarare. Mtoto wa miaka sita, mwenye hatua fupi, anayesimama kupumzika na wakati mwingine kuokota kitu njiani, hufanya kilomita 3 kwa saa akijitahidi, na akikuta mteremko wa kushuka bondeni kisha mlima wa kupanda hupungukiwa zaidi. Kwa hiyo mume wako na jirani wasiendelee kubishana. Mmoja wenu amfuate mtoto siku moja, kwa mwendo wa mtoto mwenyewe na bila kumhimiza, atazame saa wakati wa kuondoka na wakati wa kufika. Kwa maoni yangu, mtoto wa darasa la awali, la kwanza au la pili asitembee zaidi ya nusu saa kwenda, na ikizidi hapo awe na mtu mkubwa. Ikifika saa nzima, hata kusindikizwa hakutoshi, kwa kuwa uchovu unabaki palepale. Huyo anayelala kabla ya kula amekwisha kukupa jibu lake.

Jambo la giza linastahili maelezo, kwa sababu watu wengi hawalitilii maanani. Tanzania nzima hufuata majira yale yale ya saa, lakini jua halichomozi kwa wakati mmoja kila mahali, na sisi tulio magharibi zaidi huliona baadaye. Mwezi Juni na Julai jua la Mbeya huchomoza karibu saa moja kamili asubuhi, wakati Dar es Salaam linakuwa limetangulia kwa takriban dakika 25. Hata Januari hapa halichomozi kabla ya saa kumi na mbili na nusu au karibu na hapo. Mtoto anayeondoka saa kumi na mbili katika miezi ya baridi anatembea karibu safari yake yote bila jua, mara nyingi ndani ya ukungu, kwenye majani yenye umande unaolowanisha soksi na viatu kabla hajafika. Ratiba iliyomfaa mtoto wa Pwani inamwonea wa Umalila. Wazazi wana haki ya kuiomba kamati ya shule ijadiliane na mwalimu mkuu ili wadogo wanaotoka mbali wapokelewe baadaye kidogo katika miezi hiyo, bila kuandikwa wachelewaji.

Kuhusu safari ya kurudi, hapo ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi, na ni jambo linalosahauliwa kwa kuwa asubuhi kila mtu humwona mtoto akiondoka na dada yake. Njia mbili zinawezekana. Ya kwanza ni kwamba wazazi wa watoto wadogo wa upande wenu wa bonde wapeane zamu, mzazi mmoja au bibi mmoja akawachukue wote kwa pamoja. Ya pili ni kwamba shule iwabakize wadogo hao, wanywe uji na kucheza mahali wanapoonekana, hadi kaka na dada zao watakapotoka. Njia ya pili inahitaji unga, sukari na kuni, na wazazi ndio watakaovichangia. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko ile ya mtoto kuvuka mto peke yake. Tangu Novemba hadi Aprili msiamini kijito kwa sababu tu kijijini kwenu hakujanyesha, maana mvua iliyonyesha juu mlimani hushusha maji ghafla, na daraja la magogo lenye utelezi halimfai mtoto wa umri huo.

Baba mkwe tumheshimu, lakini akumbushwe kwamba wengi wa rika lake walianza darasa la kwanza wakiwa na miaka minane, tisa au zaidi, ilhali mjukuu wake ana sita. Aidha, baada ya watu kukusanywa vijijini katika miaka ya 1970, shule nyingi zilijengwa katikati ya makazi, na baadaye familia nyingi zikarudi kuishi karibu na mashamba yao huku shule zikibaki zilipokuwa.

Ndiyo maana ufumbuzi wa kudumu kwa hali kama yenu ni shule shikizi, yaani madarasa machache ya awali na ya chini yanayojengwa karibu na wadogo, yakisimamiwa na shule mama hadi watoto wakue na kuweza kutembea. Si jambo geni: mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, madarasa 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya shule shikizi. Kitongoji chenu kihesabu watoto wa miaka mitatu hadi minane, kipeleke hesabu hiyo kwenye mkutano mkuu wa kijiji ikaandikwe katika muhtasari, kisha diwani na Afisa Elimu Kata wapewe nakala. Ombi lenye idadi ya watoto na eneo lililotengwa husikilizwa mapema kuliko malalamiko ya mdomo.

SWALI: Mjukuu wangu ana miaka tisa, yuko darasa la tatu, na shule iko kilomita tano kutoka kwangu. Mwaka huu baridi imemtesa. Baba yake anataka kumpeleka kwa shangazi yake Uyole, ambako shule iko kilomita moja tu. Nimwachie? (Mzee, Makete)

JIBU: Shikamoo, Mzee. Kilomita tano kwa miaka tisa ni mzigo, kwani kwenda na kurudi kwaweza kumaliza saa tatu za siku yake, ingawa mtoto wa umri huo mwenye wenzake njiani huweza kuumudu kuliko mdogo wa darasa la kwanza. Kabla ya kukubali habari ya Uyole, muulize shangazi swali moja: je, kati ya nyumba yake na shule kuna barabara kuu ya kuvuka? Malori ya Zambia hupita hapo, na njia ya Kyela na Malawi huanzia hapo hapo. Mtoto wa chini ya miaka kumi hukosea sana kukadiria kasi ya gari linalokuja. Kama itabidi avuke barabara hiyo bila mtu mzima, mimi ningependelea kilomita zako tano za njia ya miguu.

Akibaki kwako, asiondoke bila kula kitu cha moto, hata viazi vya kuchemsha. Sakitu, yaani umande ulioganda kuwa barafu, ikianguka, avae jozi moja ya soksi na abebe nyingine kavu ya kubadilisha darasani. Mfuko wake usizidi kilo mbili au tatu. Baiskeli ya mtu mzima msimpe kwenye miteremko ya huko.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa zamu katika shule moja ya Mufindi. Wanaochelewa ni walewale kila wiki, nao wanatoka mbali. Adhabu haisaidii. Nifanye nini? (Mwalimu, Mufindi)

JIBU: Mwalimu, kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaiweka adhabu hiyo chini ya mamlaka ya mkuu wa shule, kwa makosa mazito, isizidi viboko vinne na iandikwe kwenye kitabu. Sioni jinsi umbali wa nyumbani unavyoweza kuwa kosa zito la mtoto. Chukua daftari, andika kila mchelewaji anapita njia ipi na anaamka saa ngapi. Wakionekana kuwa wanatoka kitongoji kimoja au viwili, waunganishe watembee kwa kundi, mkubwa mmoja wa darasa la sita akiwa kiongozi, na kipindi cha kwanza cha wadogo wao kiwe cha marudio badala ya somo jipya. Daftari hilo hilo lipeleke kwenye kikao kijacho cha kamati ya shule, likiambatana na ombi la kuwa na uji asubuhi.