Silika ya sol-jeli isiyopata matundu makubwa

Ndugu yangu wa Dodoma, umeuliza kwa nini silika yako (dutu ya mchanga na kioo), uliyoitengeneza kwa sol-jeli, yaani kwa kugandisha mchanganyiko wa majimaji kuwa jeli, na kuitia polietilini glikoli, ambayo ni polima (molekuli ndefu kama mnyororo), imetoka angavu kama kioo badala ya kuwa nyeupe yenye matundu makubwa. Polima hiyo hushikamana na silika kwa vifungo vya haidrojeni na kuifanya ijitenge na kiyeyushi. Mtengano ukianza kabla jeli haijaganda, umbo lake hunaswa likawa mtandao wa matundu ya mikrometa (sehemu za elfu za milimita), lakini ukichelewa, matundu hayo hayapatikani. Badilisha basi kiasi cha polima kidogo kidogo, huku asidi, maji na joto vikibaki vilevile. Tena, nakusihi, usiianike jeli wazi katika hewa kavu ya kiangazi cha huku. Funika chombo ikauke polepole, la sivyo itapasuka.