Modeli Hupendekeza, Programu Yako Ndiyo Huamua

Msomaji mmoja ameniandikia akitaka kujua ni modeli gani ya lugha anayopaswa kuilipia ili wakala wake wa akili unde, yaani programu inayoitegemea modeli kuchagua hatua za kuchukua, afanye kazi kwa uhakika. Nimekuwa nikiulizwa swali hili tangu wakala niliyemuunda alipoanza kuhudumia wateja wa kampuni ninayoifanyia kazi, ambako hujibu maswali kuhusu oda, hutazama bidhaa zilizopo ghalani na hushughulikia marejesho ya malipo. Jibu langu huwavunja moyo wengi, kwa sababu katika kazi yote ile modeli ndiyo iliyonichukulia muda mdogo kuliko kitu kingine chochote.

Kinachopaswa kueleweka kwanza ni kwamba modeli haitekelezi zana yoyote, yaani kipande chochote cha programu kinachofanya kazi fulani, kama kutafuta oda. Tangu OpenAI ilipotangaza uwezo wa modeli kuita zana mwezi Juni 2023, utaratibu umebaki karibu uleule kwa watoa huduma wote: unaikabidhi modeli orodha ya zana, kila moja ikiwa na jina, maelezo na vigezo vilivyoandikwa kwa JSON Schema (muundo sanifu wa kueleza data), modeli inajibu kwa kutaja zana inayoitaka na vigezo vyake, programu yako inakubali au inakataa kuitekeleza, kisha inarudisha matokeo, na mzunguko unaendelea hadi jibu la mwisho lipatikane. Itifaki ya MCP, yaani kanuni za pamoja za kuunganisha modeli na zana, iliyotolewa na Anthropic mwezi Novemba 2024, imeirahisisha sana kazi hiyo kwa modeli za aina mbalimbali, lakini mgawanyo huu wa kazi haikuugusa.

Nilipowasilisha wazo langu la kumuunda wakala huyu, mtaalamu aliyealikwa kulitathmini alitamka mbele ya wenzangu wote kwamba huo ulikuwa mchezo wa wanafunzi, na kwamba ingefaa tununue mfumo uliokwisha kutengenezwa. Maneno yale yaliniuma, na hadi leo sijayasahau. Niliiandika kila zana nikijua kwamba ipo siku yeye mwenyewe ataikagua, na leo wakala yuko kazini.

Nianze na maelezo ya zana, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hupapuuza. Katika majaribio ya awali, zana ya kutafuta oda ilikuwa na maelezo ya maneno mawili tu: "Hutafuta oda." Modeli iliiita hata mteja alipouliza saa za kufungua ofisi, na mteja asipotoa namba ya oda, iliibuni. Maelezo mapya yalisomeka hivi: "Hurejesha hali ya oda moja. Itumie pale tu mteja alipotaja namba ya oda yenye tarakimu 8. Kama hajaitaja, muulize, usikisie." Modeli ilikuwa ileile, lakini mwenendo wake ulibadilika siku hiyohiyo. Ujumbe wa hitilafu nao ni maelezo. Zana ikirudisha "hitilafu 500", modeli haina la kufanya ila kujaribu tena au kuomba radhi. Ikirudisha "namba hii ina tarakimu 7, zinatakiwa 8", humgeukia mteja na kumwomba aihakiki.

Sitawachosha kwa habari za kuifunga programu ndani ya kontena na kuipakia kwenye seva za wingu, kwa kuwa nyaraka za watoa huduma zinajitosheleza. Angalieni zaidi ukomo wa muda. Kwenye Lambda, huduma ya Amazon ya kuendesha programu kwenye wingu, usipobadilisha chochote, kazi hukatwa baada ya sekunde 3, na huwezi kuipa zaidi ya dakika 15. Kwenye Cloud Run, huduma kama hiyo ya Google, ombi hupewa dakika 5, na unaweza kuliongeza hadi dakika 60. Wakala anayeita zana kadhaa mfululizo, huku akiisubiri modeli kila mara, huzimaliza sekunde 3 kabla hajafika popote.

Tena, kukatika kwa mawasiliano hakumaanishi kwamba kazi imesimama. Ombi la kurejesha malipo linaweza kukatika upande wa programu iliyolituma huku likiendelea kutekelezwa kwenye seva, kisha mfumo ukalituma upya na fedha zikatoka mara mbili. Kwa hiyo kila zana inayobadilisha kitu ipokee namba ya kipekee ya ombi, inayotolewa na programu wala si modeli, na inayohifadhiwa kabla ya kazi kuanza, ili ombi likirudi na namba ileile lisitekelezwe tena.

Modeli pia haina kumbukumbu, hivyo katika kila mzunguko unaipelekea upya mazungumzo yote pamoja na matokeo ya zana, na unalipia kila tokeni, yaani kila kipande kidogo cha maandishi. Rudisheni sehemu zile tu za matokeo zinazohitajika, na wekeni kikomo cha mizunguko.

Ndugu zangu, msimpe wakala ufunguo wa msimamizi mkuu. Zana ya kusoma oda iwe na ruhusa ya kusoma oda, basi. Funguo za siri zikae kwenye hifadhi yake maalumu, zisiingie kamwe kwenye maelekezo ya modeli, kwa sababu chochote inachokiona inaweza kukitamka. Mwaka 2022 mtaalamu wa programu Simon Willison aliipa jina la "prompt injection" hatari ya maandishi ya nje, kama vile barua pepe ya mteja, kubeba amri ambazo modeli huzifuata kana kwamba zimetoka kwako, na hadi leo hakuna maelekezo yanayoiondoa kabisa. Ndiyo maana wakala wangu hatoi fedha. Huandaa ombi na kuliweka kwenye foleni. Mhasibu huona jina la mteja, kiasi na sababu, ndipo akaidhinisha. Kiasi hicho husomwa moja kwa moja kutoka kwenye hifadhidata ya oda, wala si kutoka kwenye maneno ya modeli.